Mstari wa Lodi Ulipokataa Kuamka

Mzabibu ukilia, usiupanguse. Hilo ndilo jambo la kwanza nililofundishwa katika shamba hili, na ninyi mnaoanza kazi nataka liwe la kwanza kwenu pia. Asubuhi moja mtapita kwenye mistari iliyokatwa na mtaona tone limening'inia kwenye ncha ya kila tawi. Litang'aa, litadondoka, na jingine litatokea nyuma yake. Mtafikiri mti umeumia. Mtatafuta leso. Mimi nilitoa yangu. Nilikuwa msichana niliyeachia shule kidato cha pili, nimetoka Gilgil na gambuti za kuazima, na nilianza kuipangusa ile mizabibu mmoja baada ya mwingine huku nikiiambia pole.

"Wewe!" sauti ikaniita kutoka mwisho wa mstari. "Unafanyia nini hiyo mizabibu?"

"Inalia, mama."

"Si uiache ilie! Kwani wewe ukiamka hupigi miayo kwanza?"

Huyo alikuwa Mama Kibet, kiongozi wa wakataji, mama mfupi mwenye kitambaa cha kichwa cha rangi ya chungwa na makasi yaliyoning'inia kiunoni kama bastola ya askari. Alinieleza kwamba yale si machozi ya uchungu. Ni maji yanayopanda kutoka kwenye mizizi baada ya mti kulala. Mzabibu unaolia ni mzabibu ulioamka. Nilisimama pale na leso yangu iliyolowa, nikatazama ile mistari yote iliyokatwa ikidondosha maji kwenye jua la asubuhi, nikasahau kwamba nimeitwa "wewe" mbele ya watu.

Sasa hivi nimekaa juu ya kreti kando ya mstari wangu wa mwisho, karatasi ziko gotini. Nimestaafu. Keki tumekata, meneja amesema maneno mazuri, mmenivika lile shuka la Kimasai na picha mmepiga. Lakini siondoki bado, maana mstari wangu umelala. Kuna kijana mmoja kati yenu aliniuliza juzi, "Mathe Wairimu, kwani unangoja nini na umeshaachiliwa?" Nilicheka tu. Jibu ni refu, na ndilo hili.

Tuanze na mahali penyewe, maana mkikaa sana mtapazoea, na mimi sitaki mpazoee. Ukitoka Kikopey, pale moshi wa nyama choma unapoingia kwenye shati lako na kukataa kutoka, unaacha lami na kupanda kati ya vichaka vya mileleshwa mpaka masikio yanaziba. Wasafiri walioko kule chini na mifupa yao hawajui kwamba juu ya vichwa vyao kuna jumba la mawe lenye mabomba ya moshi mengi kuliko vyumba vya laini yetu, nyumba zetu wafanyakazi. Juu ya mlango wake kuna simba aliyechongwa, ameshika kitu ambacho watu wengine husema ni ua na wengine husema ni mguu wa kuku. Hiyo ndiyo nembo ya ukoo wa Lodi.

Jina lake halisi lilikuwa refu, lenye vipande vingi, na wazee wetu walilikatakata likabaki Lodi. Kwao Uingereza alikuwa mtu wa kuinamiwa. Alikuja huku na vijiti vya mizabibu vimefungwa kwenye magunia yenye unyevu, akavipanda mbele ya jumba lake kwa mstari mmoja mrefu unaotazama ziwa Elementaita. Wazungu wenzake walimcheka. Wakasema hapa ni pa ng'ombe na ngano. Mizabibu yote mnayoiona leo, mpaka ile ya kule chini kwenye mawe, imetokana na vijiti vya mstari ule. Wote ni watoto wake. Nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza nilienda nikaushika mti mmoja wa zamani, shina lake nene kama paja la mtu na limejinyonga kama nguo iliyokamuliwa, na nikahisi kama nimeshika mkono wa babu wa mtu.

Halafu kuna Pangoni. Mtapelekwa. Ni chumba kilichochimbwa ndani ya kilima nyuma ya jumba, na mapipa yake ya mvinyo yamelala pande zote mbili kama ng'ombe wanaocheua. Hakuna aliyeniambia ninong'one, lakini nilinong'ona. Jua la nje linachoma, na humo ndani ni baridi ya kanisa, na harufu yake ni ya mbao, ya matunda, na ya kitu kingine ambacho mpaka leo nakitafutia jina. Nilikuwa naota ndoto nyingi mchana katika umri ule. Niliota kwamba Lodi bado yumo mle, anatembea polepole kati ya mapipa akiyapapasa. Ndiyo maana walinipa jina la Ndoto.

Mvinyo wenyewe nilionjeshwa mwisho wa msimu wangu wa kwanza. Nilitarajia juisi. Nilichopata ni kama dawa ya kikohozi iliyogombana na chai ya rangi. Nilimeza kwa heshima.

"Unaonaje?" Mama Kibet akaniuliza.

"Ni... ni mzee."

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Lakini Mama Kibet alitikisa kichwa, akasema nimesema kweli kuliko nilivyojua.

Sasa sikilizeni kazi. Huko mizabibu ilikotoka kuna theluji. Theluji inaanguka, miti inapukutisha majani na kulala yenyewe, na mtu anakaa ndani na moto wake. Hapa kwetu jua halina likizo. Mzabibu wa hapa ukiachwa hivi hivi hautalala. Utatoa majani, na majani juu ya majani, utajichosha, utazeeka haraka, na zabibu zake zitakuwa maji matupu. Kwa hiyo sisi tunaulaza. Tunaunyima maji kidogo kidogo mpaka majani yaanze kuwa njano. Tunayachuma kwa mkono, taratibu, kama mtu anayemvua mtoto viatu akiwa usingizini. Tunakata matawi na kuacha machache marefu ya kufunga kwenye waya, ndiyo tunayaita fimbo. Kisha tunauacha, na anayepita karibu anashusha sauti. Siku niliyouliza kwa nini tunajisumbua hivyo, Mama Kibet alinyoosha mgongo, akatazama mikono yake yenye utomvu, akaniambia:

"Huku hakuna theluji, Wairimu. Theluji ni sisi."

Nilikuwa naenda haja siku ile, nikasahau.

Kuna jambo moja kwenye kufunga fimbo ambalo hamtalipata kwenye simu zenu, kwa hiyo liwekeni kichwani. Fimbo lazima iinamishwe kama upinde kwenye waya, la sivyo jicho la mwisho, yaani chipukizi la nchani, peke yake ndilo litakaloamka na yale mengine yatalala milele. Usiinamishe asubuhi. Baridi ya asubuhi ya huku juu inaifanya fimbo iwe kama chaki. Ngoja jua liipashe joto, alasiri hivi, halafu uipinde polepole ukiisikiliza. Itatoa mlio mdogo, kama mtu anayealisha kidole. Hapo ndipo unapoacha, unaifunga na kamba. Mimi niliinamisha asubuhi, nikitaka kuonekana mwenye bidii. Tap! Tap! Tap! Nilimaliza nusu ya mstari.

"Asante kwa kuni," Mama Kibet akasema alipofika. "Na chai utapika saa ngapi?"

Hakunifukuza. Alinikalisha chini, akaniwekea fimbo moja mikononi, akaweka mikono yake juu ya yangu na kuipinda pamoja nami mpaka nikausikia ule mlio kupitia vidole vyangu. Kila fimbo niliyofunga tangu hapo, naisikia ile ya kwanza.

Na kulikuwa na Mzee Barasa, mtu wa maji. Ninyi mnafungua maji kwa simu mkiwa mmelala kitandani. Zamani yalipita kwenye mitaro, na Barasa aliyafuata na jembe begani, akiyafungulia hapa na kuyazibia pale, akiyasemesha kama ng'ombe. Mipira ya maji ilipokuja na koki zake, akajifunza kuitumia yote, na funguo za koki akazivaa shingoni. Alikuwa mrefu, mkimya, amefiwa na mke zamani. Mama Kibet naye alikuwa mjane. Kila asubuhi bila kukosa Barasa alipita kwenye mstari ambao Mama Kibet alikuwa anafanya kazi, akavua kofia, akatoa ripoti ambayo hakuna aliyemwomba.

"Mama Kibet. Presha ya maji leo iko juu kidogo."

"Sawa, Barasa."

"Jana ilikuwa chini."

"Ulinieleza jana."

"Eee. Basi." Anavaa kofia, anaenda zake.

Sisi vijana tulicheka nyuma ya majani. Tulidhani mzee hana la kusema.

Kitu kingine, halafu nifike kwenye mstari wangu. Kwenye veranda ya jumba mmekiona kile kiti cha ngozi kinachotazama mizabibu, na mmeambiwa msikikalie. Ni cha Lodi. Wazee walituambia kwamba aliondoka kwenda kwao kwa safari fupi, akaiacha mizabibu yake imelala. Alisema angerudi kabla haijaamka. Iliamka, ikalia, ikazaa, ikalazwa tena, na kiti bado kilikuwa kitupu. Alifia huko huko. Tangu wakati huo laini yetu ina desturi moja. Mtu akimaliza kazi ya maisha yake hapa anachagua mstari mmoja, anaulaza kwa mikono yake, na haondoki mpaka uamke. Haachi nyuma yake kitu kilicholala. Akishaona machozi ya kwanza anafunga mizigo. Wenye shamba wamebadilika mara kadhaa, na hakuna aliyethubutu kuipinga.

Barasa peke yake ndiye desturi hii ilimshinda. Umri wake wa kustaafu ulikuja, ukapita, ukarudi kumwangalia. Kila meneja akimwita, jibu lilikuwa moja: "Mimi sina mstari, bosi. Mimi ni mtu wa maji, mistari yote ni yangu. Na lazima kuna mmoja umelala." Ilikuwa kweli. Tunailaza kwa zamu, huu leo, ule mwezi ujao, hivyo hakuna siku ambayo shamba zima liko macho. Mameneja walikuna vichwa na kumwacha na funguo zake.

Mama Kibet alipofika mwisho wa kazi yake alichagua mstari wa Lodi wenyewe. Hakuna aliyewahi kuuchagua ule, kwa kuogopa. Aliulaza kwa uzuri ambao sijauona tena. Majani alichuma bila kuacha kovu, fimbo akainamisha kila alasiri, na mimi nikamshikia kamba. Mwanawe Kibet, fundi wa pikipiki kule mjini mtaa wa Rhonda, alikuwa amemtengea chumba na amekipaka rangi. Alikuwa na pikap ya rafiki yake tayari. Tulihesabu kwamba mzabibu utalia kabla mvua hazijaanza.

Mistari ya jirani iliyokatwa wakati ule ule ililia. Ikatoa macho yenye manyoya kama vifaranga, kisha majani ya rangi ya waridi, kisha ya kijani. Mstari wa Lodi ulikaa kimya. Kibet alikuja na pikap, akakuta mama yake amekaa kwenye kreti.

"Mathe, si tuende bana? Pikap ya wenyewe hii."

"Haujaamka."

"Na usipoamka?"

Mama Kibet aliinuka kumpikia. Kibet alikula ugali, akarudi Rhonda na pikap tupu. Akaja tena. Akarudi tena.

Tulianza kuogopa. Laini ilikuwa haina kelele, kama nyumba yenye mgonjwa. Niliwaza: huu ndio mama wa mizabibu yote, na kama umekufa, umekufa chini ya mkono wa mtu aliyeupenda kuliko sote. Mama Kibet alikonda. Jioni moja, jua likizama nyuma ya milima ya Mau, aliniambia kwa sauti ndogo, "Wairimu, labda nilikata sana. Labda nimeuua mimi." Sikuwa nimewahi kumsikia akiwa na shaka na makasi yake. Neno lile lilinikata mimi.

Meneja wa wakati ule, Bwana Mutua, alikuwa kijana mpole aliyesomea mambo ya mimea. Alikuja akasimama na mikono mfukoni.

"Mama, nisamehe. Wenye shamba wameuona. Wanataka ung'olewe tupande mipya kabla ya mvua. Nimewaomba wangoje mpaka wiki ijayo. Zaidi ya hapo sina nguvu."

"Ukiung'oa," Mama Kibet akasema, "mimi nitaamshwa na nini?"

Mutua alisogelea fimbo moja. Akatoa kisu kidogo na kioo chake cha kukuzia, akapiga goti, akalikata jicho moja katikati kama mtu anayepasua harage. Aliangalia kwa muda mrefu, kisha akanipa kioo. Ndani ya lile jicho kavu, dogo kuliko punje ya mtama, kulikuwa na kijani. Majani madogo yasiyoonekana yalikuwa yamekunjwa mle, na kishada cha zabibu za mwaka huo kikiwa bado kama vumbi. Kila kitu kilikuwa kimo tayari.

"Haujafa," Mutua akasema, na uso wake ukafunguka. "Umelala tu. Kwa macho yangu una kiu. Lakini kiu ya nini, na Mzee Barasa ananiambia maji ni sawa?"

Mama Kibet aliinama, akachomeka kidole kwenye udongo chini ya mpira wa maji. Kikatoka kikavu na vumbi. Akasogea, akachomeka karibu na shina. Kikatoka na tope. Akaenda mti wa pili, na wa tatu, na ilikuwa vile vile: pakavu chini ya mpira, na karibu na kila shina doa la unyevu lenye ukubwa wa sahani ya kikombe. Aliinua kichwa, akatazama kule kwenye tangi la mawe kando ya jumba. Kwenye msumari kilining'inia kikombe cha bati cha rangi ya samawati, kilichobanduka mdomo. Shamba zima lilijua kile kikombe ni cha Barasa.

Akajifuta mikono kwa utulivu. "Mpira umeziba, bosi," akamwambia Mutua. "Nitauzibua mwenyewe. Wairimu, twende."

Mzee Barasa alikuwa amekaa juu ya jiwe karibu na koki. Alipotuona akasimama na kuvua kofia.

"Mama Kibet. Maji ya leo..."

"Usiniambie habari ya maji."

Akaikunja kofia mikononi.

"Mpira wa Lodi umefungwa tangu lini?"

Barasa aliangalia gambuti zake. "Tangu ulipofunga fimbo ya mwisho."

"Unataka kuua mti ambao ni mkubwa kuliko baba yako?"

"Niue Lodi? Mimi?" Hapo alikasirika kweli. "Kila mmoja naupa kikombe! Kila siku! Kikombe kimoja hauwezi kufa nacho."

"Na kuamka?"

"Hauwezi kuamka nacho."

Mimi nilianza kuchunguza posti ya waya iliyokuwa karibu nami. Ilikuwa posti nzuri sana, nikaichunguza vizuri.

"Kwa nini, Barasa?"

"Ukiamka utaenda Rhonda."

"Eee, nitaenda kwa mtoto wangu. Ulitaka niende wapi?"

"Sikutaka uende."

"Si ungesema!"

"Nimesema miaka yote hii."

"Umesema nini wewe? Umeniambia presha iko juu, presha iko chini, bwawa limejaa, bwawa limekauka, chujio limeziba. Miaka yote, maji tu!"

"Ndiyo," Barasa akasema. "Hiyo ndiyo nilikuwa nasema."

Upepo ulipita kwenye mizabibu. Nilitazama kwa pembe ya jicho. Mama Kibet alikuwa amesimama na mdomo wazi, na kile kitambaa chake cha rangi ya chungwa kimelegea upande mmoja, na alikuwa, nawaambia ukweli, kama msichana. Kisha akakikaza kitambaa.

"Fungua koki."

Barasa akatoa funguo shingoni. Mama Kibet akazichukua na kuifungua koki mwenyewe. Tuliyasikia maji yakikimbia ndani ya mpira, yakikohoa, kisha kila tundu likaanza kudondosha, tone, tone, tone, mpaka mwisho wa mstari. Alipogeuka kuondoka alisema bila kumtazama, "Unajua nilikuwa naamini nimeuua?"

Barasa alikaa chini kwenye jiwe lake. Hilo hakuwa amelifikiria. Siku zote hizo alijua mti uko hai, na hakuwaza kwamba mwenzake hajui.

Hakuonekana tena na ripoti zake. Maji aliyaleta kwa wakati, na akiona kitambaa cha chungwa alipita njia nyingine. Mama Kibet alikaa kwenye kreti. Wiki ya Bwana Mutua ilikuwa inaisha, wenye shamba hawakuamini habari ya jicho la kijani, na tayari trekta lilikuwa limesogezwa karibu na jumba na minyororo yake.

Kisha asubuhi moja nilikuwa wa kwanza kupita. Umande ulikuwa mwingi, sikuamini macho yangu, nikaenda karibu kabisa. Kwenye ncha ya fimbo moja kulikuwa na tone. Nililitazama likinenepa, likibeba ndani yake ziwa na milima ikiwa juu chini, likadondoka. Jingine likatokea. Nikatazama fimbo ya pili. Nikapiga kelele, na desturi ya kushusha sauti ikafia hapo.

Laini nzima ilitoka, wengine na mswaki mdomoni. Mstari wote wa Lodi ulikuwa unalia. Wazee walivua kofia. Dereva wa trekta alizima injini, akashuka. Ule mti uliovuka bahari ndani ya gunia, uliochekwa, ulioachwa na mwenyewe, ulikuwa unaamka tena mbele yetu sisi. Mama Kibet alitembea kutoka mwanzo mpaka mwisho akitazama kila fimbo. Nilikuwa nimejiandaa na leso. Haikuwa ya mizabibu.

Kibet alikuja na pikap. Tulipakia godoro, sufuria, cherehani, na kuku waliopinga. Tukaimba, tukaomba. Mama Kibet aliyaweka makasi yake mkononi mwangu, haya haya ambayo nitampa mmoja wenu, akapanda mbele. Kibet akawasha injini.

"Ngoja," mama akasema.

Barasa alikuwa amesimama mbali, kando ya tangi, kofia mkononi. Mama Kibet akateremsha kioo na kuita kwa ile sauti yake ya mwisho wa mstari:

"Wewe! Kuja hapa!"

Akaja, polepole, kama anayeitwa kwa chifu.

"Panda."

"Siwezi, Mama Kibet. Unajua siwezi. Sina mstari."

"Mstari wa Lodi nani aliulaza?"

"Wewe."

"Mimi niliulaza mara moja. Baada ya hapo nani aliulaza?"

Barasa alishika funguo zake. "Mimi."

"Kwa mikono yako?"

"Na kikombe."

"Umeamka?"

Aligeuka akautazama. Machozi yalikuwa bado yanadondoka fimbo hadi fimbo, yanameta mpaka kule mwisho. Aliutazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Umeamka," akasema.

"Basi."

Kibet alikuwa anamtazama huyu, anamtazama yule. "Mathe, sasa huyu ni nani?"

"Mtu wa maji. Kwani huko Rhonda maji yanakuja kila siku?"

"Wacha mchezo! Siku mbili tatu kwa wiki."

"Umeona? Tunamhitaji." Akasogea kwenye kiti, akaacha nafasi.

Barasa alivua funguo shingoni, akamkabidhi Bwana Mutua kwa mikono miwili. Akaenda kwenye tangi, akarudi na kile kikombe cha samawati, hicho tu, akapanda. Habari za kanisani na pilau zilifuata baadaye, na nilikuwepo. Lakini ninachokumbuka ni ile pikap ikiteremka kuelekea Kikopey na vumbi lake, na dirishani kofia moja na kitambaa kimoja vikiwa vimesogeleana, na kofia ikiinama kusema kitu. Najua alikuwa anamwambia nini. Alikuwa anamwambia habari za presha.

Ndiyo hiyo, watoto wangu. Sasa mnajua kwa nini mama yenu amekaa kwenye kreti akitazama fimbo kavu na kutabasamu peke yake. Ndani ya kila jicho pale kila kitu kimekunjwa, kiko tayari. Mkipita, shusheni sauti. Mkiwa na chai, mnajua ninapokaa. Na kwa vile nimeona mnavyoniangalia siku hizi, na jinsi mnavyopita hapa mara nyingi kuliko kazi inavyodai, nawaomba kitu kimoja tu.

Koki msiiguse. Hata ile ya kwenye simu.